Tunasoma "Passing" ya Nella Larsen kwenye kikundi: tuigawe vipi, na ule mwisho tuujadili vipi?

Kobe_wa_Vitabu (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni.

Kikundi chetu cha usomaji kina watu tisa, kila kikao saa mbili. Kitabu kinachofuata ni Passing (yaani mweusi kujipitisha kama Mzungu) ya Nella Larsen, ya mwaka 1929. Kwa ambao hawajakifungua: wanawake wawili weusi wa Marekani waliokulia Chicago, ngozi zao nyeupe kiasi kwamba asiyewajua huwadhania Wazungu. Irene Redfield ameolewa na daktari mweusi, anaishi Harlem, mtaa wa Weusi jijini New York, kwenye nyumba yenye watumishi, na kazi yake kubwa ni kamati za hisani na karamu za chai. Clare Kendry ameolewa na tajiri Mzungu, mbaguzi wa kutupwa, ambaye hajui mkewe ni nani. Clare anaanza kuitamani jamii aliyoikimbia, anajipenyeza Harlem mume akiwa safarini, anazoeleka nyumbani kwa Irene, na hapo ndipo pilipili inapoingia machoni.

Naomba msaada wa mambo machache. Sura ziko 12. Tuzigawe vikao vingapi? Pili, kuna wenzetu wameshaanza kuuliza, mtu anayeonekana Mzungu mtupu anaitwaje mweusi. Tuwajibu vipi bila kikao kugeuka darasa la historia? Tatu, watu wawili wameshamaliza na wanarushiana maneno kwenye grupu: pale dirishani mwishoni, Clare kaanguka, karuka, au kasukumwa? Na je, filamu tuitazame kabla au baada?

---

Mkutubi_wa_Zamu

Vikao vinne vinatosha, ila msigawe kwa kuhesabu kurasa. Kitabu kina sehemu tatu zenye sura nne nne, na uzito wake haulingani.

Kikao cha kwanza someni sura mbili tu. Sura ya kwanza ni barua: Oktoba, New York, Irene ameshika bahasha kubwa ya karatasi nyepesi ya Kitaliano, mwandiko wa wino wa zambarau, hakuna anwani ya mtumaji. Sura ya pili inarudi nyuma miaka miwili, Agosti ya Chicago, na hatutoki huko mpaka Sehemu ya Kwanza iishe. Hapa ndipo wengi hupotea: wanadhani barua ya sura ya kwanza ndiyo iliyowakutanisha hawa wawili. Sivyo. Andikeni kwenye karatasi kubwa mapema kabisa: kwanza mkutano wa hotelini, kisha chai kwa Clare, kisha barua ya kwanza, kisha miaka miwili ya kimya, kisha hii barua ya zambarau. Karatasi hiyo ibaki ukutani vikao vyote vinne.

Kwenye sura ya pili msiharakishe hoteli ya Drayton. Irene katoka kununua zawadi za wanawe, ndege ya kuchezea na kitabu cha kuchorea, joto limemzidi nusura azimie barabarani. Dereva wa teksi anampeleka hotelini, anapanda juu kwenye mgahawa wa paa, anaagiza chai ya barafu. Mwanamke wa meza ya pili anamkazia macho. Irene anaanza kuhangaika: huyu amenijua? Wataniondoa hapa mbele za watu? Halafu inakuja kubainika kwamba anayemtazama ni Clare. Wasomaji wengi huingia kitabuni wakiwa wameshagawa majukumu, Clare mdanganyifu na Irene mwaminifu. Waulizeni tu: kwa dakika hizo kumi za chai, nani amekaa mahali pasipomruhusu? Wote wawili. Tofauti ni kwamba Irene anafanya hivyo kwa matembezi ya mchana, Clare kwa maisha mazima.

Kikao cha pili ni sura ya 3 na ya 4, yaani chai kwa Clare. Hii ndiyo sehemu bora ya kusomwa kwa sauti, na ndiyo ngumu kuliko zote kusomwa kwa sauti. Mume, John Bellew, anaingia na kumsalimu mkewe kwa jina la utani lililokatwa kutoka kwenye tusi la Weusi. Anaeleza kwa kicheko kwamba walipooana mkewe alikuwa mweupe kama yungiyungi, lakini anazidi kukolea, asipoangalia siku moja ataamka amekuwa mweusi. Chumbani wamo wanawake watatu, Clare, Irene na mgeni mwingine, Gertrude, wote weusi, na wote wanacheka. Irene anacheka mpaka machozi. Kubalianeni kabla ya kusoma kwamba lile tusi halitamkwi. Msomaji asimame kidogo kisha aendelee. Ukiacha jambo hilo liamuliwe papo hapo, mtu mmoja atalitamka, mwingine atakasirika, na dakika 40 zitakuwa zimekwisha bila kitabu kujadiliwa.

Kikao cha tatu, Sehemu ya Pili nzima, inasomeka haraka. Kikao cha nne, Sehemu ya Tatu. Sura ya mwisho isisomwe nyumbani hata kama wengine wameshaimaliza. Isomeni pamoja, polepole, kalamu mkononi.

Jambo moja la kufanya kuanzia siku ya kwanza: kila mtu akunje karatasi katikati, apate safu mbili. Safu ya kushoto, mambo yanayotokea kweli, yaani yaliyosemwa kwa mdomo au kuonekana na zaidi ya mtu mmoja. Safu ya kulia, mambo anayoyawaza Irene. Riwaya imesimuliwa kwa nafsi ya tatu lakini haitoki kichwani mwa Irene hata mara moja. Kufika Sehemu ya Tatu, safu ya kulia itakuwa imejaa na ya kushoto ina mistari michache, na hapo ndipo mtaona kitabu kinavyofanya kazi.

Filamu baada. Rebecca Hall aliyeitengeneza mwaka 2021 alihamishia mkutano wa kwanza New York, na Gertrude akaondolewa kabisa, kwa hiyo ile chai ya wanawake watatu haimo. Atakayekuja na filamu tu kichwani atakosa nusu ya kikao cha pili. Ukitaka kuitumia vizuri, baada ya kikao cha nne onyesheni dakika kumi za mwisho na mlinganishe na maandishi.

---

Hoja_na_Kanuni

Nijibu la "mtu mweupe anaitwaje mweusi", maana likiachwa hivi hivi litarudi kila kikao.

Marekani ya wakati ule rangi haikuwa tu kitu cha kuonekana. Kisheria ilihesabiwa kwa nasaba. Kanuni ya tone moja la damu ilimaanisha babu mmoja mweusi wa zamani alitosha. Virginia iliiandika kwenye sheria mwaka 1924. Sensa ya mwaka 1930 iliwaagiza makarani wamwandike mweusi kila mwenye mchanganyiko wa damu ya Mzungu na Mweusi, hata damu hiyo iwe kidogo namna gani. Kwa hiyo mtu angeweza kuwa na nywele za dhahabu, kama Clare, na bado karatasi zimwite mweusi. Kwa wenzetu wa pwani, waliozoea kwamba mtoto hufuata ukoo wa baba na rangi ni jambo jingine, hii inawachanganya kweli. Waambieni hivyo kwa sentensi mbili, kisha songeni mbele.

Lakini kuna kosa la pili, na hili ni baya zaidi kwa kusoma riwaya. Watu wakishasikia habari za sheria hizo hudhani ndoa ya Clare ilikuwa batili mbele ya serikali. Hapana. Sheria za kukataza ndoa kati ya Weusi na Weupe zilikuwa za majimbo, siyo za nchi nzima. Illinois, ilipo Chicago, ilifuta ya kwake mwaka 1874, na New York haikuwa nayo. Mahakama Kuu ya Marekani ilizifuta zilizobaki mwaka 1967. Kilichoweza kumpata Clare New York ni mume kwenda mahakamani kudai alidanganywa.

Na hapo riwaya inataja kesi ya kweli, kwa jina tu, kana kwamba msomaji wa 1929 anaijua. Na kweli aliijua. Leonard Kip Rhinelander, kijana wa familia ya kitajiri ya zamani New York, alimwoa Alice Jones mwaka 1924. Alice alikuwa mtumishi wa ndani, mama yake Mzungu wa Uingereza na baba yake chotara. Magazeti yakaivumisha habari, familia ikamkalia kijana kooni, naye akafungua kesi ndoa ibatilishwe kwa madai kwamba mke alimficha asili yake. Kesi ilisikilizwa White Plains mwishoni mwa 1925. Barua zao za mapenzi zilisomwa mahakamani. Wakili wa Alice mwenyewe akaomba mteja wake apelekwe chumba cha faragha, avue nguo, wazee wa baraza, wote wanaume wa Kizungu, waangalie mgongo, kifua na miguu. Hoja yake: mwanamume aliyeuona mwili huu hawezi kusema hakujua. Alice akashinda kesi, kwa gharama mnayoiona.

Mkiwa na habari hii mkononi, rudini kwa Irene akiwaza habari za talaka. Anayeumwa tumbo kwa kesi ya Rhinelander ni yeye, siyo Clare. Clare anasema wazi kwamba kinachomzuia ni binti yake Margery, aliyeko shule Uswisi. Isingekuwa Margery angeondoka kesho. Irene ndiye anayehesabu: Bellew akimwacha, Clare atakuwa huru, na akiwa huru atahamia Harlem, mlangoni pangu. Hiyo ndiyo hofu ya kuifuatilia.

---

Kobe_wa_Vitabu

Shukrani sana. Wazo la safu mbili nimeshalituma kwenye grupu.

Swali dogo: mume wa Irene, Brian, na Clare. Wenzangu saba kati ya tisa wanasema wazi walikuwa na uhusiano. Mmoja anasema kitabu hakijasema hivyo popote. Na mwingine kanitumia ujumbe pembeni kwamba hasa anayempenda Clare ni Irene mwenyewe, ila anaogopa kulisema kwenye kikao.

---

Bi_Kalamu

Ndugu yangu, yule mmoja yuko sahihi, na yule wa pembeni naye ana hoja. Tuanze na Brian.

Tafuteni mahali ambapo wazo la usaliti linazaliwa. Mwanzo wa Sehemu ya Tatu. Irene ameamka usingizini mchana, kuna karamu ya chai ya kumheshimu mwandishi Mzungu, Hugh Wentworth. Irene hakumwalika Clare. Brian anaingia chumbani na kutaja kwamba Clare yuko chini. Kumbe yeye ndiye aliyemwalika. Wanavutana kidogo, Irene anasema Hugh anapenda wanawake wenye akili, Brian anashangaa kwamba mkewe anamwona Clare mjinga. Halafu kimya, uso wa mumewe, na Irene tayari ameshaamua. Ni hayo tu. Ukitumia karatasi ya Mkutubi, safu ya kushoto itaandikwa: "Brian alimwalika Clare kwenye chai." Safu ya kulia: "Mume wangu ananisaliti." Hakuna busu, hakuna barua, hakuna shahidi, mpaka ukurasa wa mwisho. Inawezekana walikuwa nao. Ila wale saba wameamini kwa sababu Irene anaamini, na Larsen amewafunga humo ndani makusudi.

Sasa hilo la pili. Mwaka 1986 kitabu kilipochapishwa upya, mhakiki Deborah McDowell aliandika utangulizi uliodai kwamba chini ya habari ya rangi kuna habari ya matamanio kati ya wanawake hawa wawili, na tangu hapo wahakiki hawajaacha kulijadili. Kulizungumza bila kuwasha moto, msianze na neno lolote la kumpachika mtu. Anzeni na kuhesabu. Mpe mtu mmoja kazi ya kupigia mstari kila sifa ya mwili wa Clare katika Sehemu ya Kwanza na ya Pili: midomo, mabega, sauti, yale macho meusi kwenye uso wa rangi ya pembe za ndovu. Mwingine apigie mstari sifa za Brian. Wekeni kurasa mezani. Clare amechorwa kwa wino mzito kila anapoingia mlangoni. Brian ni mzuri, basi, na wanalala vyumba tofauti. Atakayesema ni husuda ya kawaida aseme, atakayesema ni mapenzi aseme, lakini wote watakuwa wanazungumzia mistari iliyopigwa. Mimi binafsi naona vyote viwili vimefumwa pamoja: Irene anatamani uso wa Clare na anatamani ujasiri wake wa kutwaa anachokitaka, na anamchukia kwa vyote. Clare mwenyewe alimwonya, kwamba ili apate anachokitaka angeumiza yeyote na kutupa chochote.

Kuhusu mwisho. Kabla ya kubishana, pangeni chumba. Karamu kwa Felise na Dave Freeland, ghorofa ya juu kabisa, nje theluji. Irene analalamika joto, anafungua dirisha yeye mwenyewe. Anavuta sigara, anairusha nje, anaangalia cheche ikishuka mpaka chini kwenye weupe. Kengele ya mlango. Bellew anaingia kwa nguvu, anamtukana mkewe. Clare amesimama karibu na lile dirisha, ametulia, karibu anatabasamu. Irene anakimbia kutoka upande wa pili na kuweka mkono kwenye mkono wa Clare ulio wazi. Wazo moja tu kichwani: Clare asiwe huru. Kisha Clare hayupo. Na mwandishi anatuambia kwamba kilichotokea hapo Irene hakujiruhusu kukikumbuka tena, si kwa uwazi.

Hakujiruhusu. Mtu hajizuii kukumbuka ajali.

Na ongezeni hili, ambalo wengi hulipita: watu wanapodhani Bellew ndiye aliyemsukuma, anayemtetea Bellew kwa nguvu ni Irene. Ana hakika hakufanya, alikuwepo, Clare alianguka tu. Amepewa mtu wa kubebeshwa lawama, tena mtu mbaya, na anamkataa. Wanaosema Clare aliruka wanashikilia lile tabasamu. Wanaosema alianguka wanashikilia mshtuko na dirisha lililo chini karibu na sakafu. Hata hivyo, mkono wa Irene uko kwenye safu ya kushoto.

Kama mna muda, fuateni vitu vinavyotupwa. Barua ya kwanza ya Clare, baada ya Chicago: Irene anaichana vipande vidogo na kuvitupa nje ya treni. Kikombe kwenye karamu ya chai: kinapasuka chini mara tu baada ya Irene kuwaona Brian na Clare pamoja, naye anamwambia Hugh kwa utulivu kwamba kilikuwa kitu kibaya cha zamani kutoka Kusini, na alikuwa hajajua jinsi ya kukiondoa mpaka dakika ile alipoona kwamba angekivunja tu. Kisha sigara. Mkiweka vitatu hivyo kwa mpangilio, kile cha nne hakihitaji mtu wa kukisema.

---

Shahada_ya_Mtaa

Nawapinga kidogo. Mnaifanya iwe riwaya ya polisi. Mtu akianguka dirishani kila mtu anageuka mpelelezi, na tabaka linasahaulika. Larsen ana makali zaidi kwenye tabaka kuliko kwenye lile dirisha.

Angalieni Gertrude kwenye chai. Naye ameolewa na Mzungu, lakini mume wake anajua na familia yake inajua. Kwa hiyo ndiye pekee asiye na siri. Irene anamwonaje? Anamwona kanenepa, kavaa vibaya, anafanana na mke wa muuza nyama. Na kweli mumewe ni muuza nyama. Mwongo wa hariri anapendeza, mkweli wa buchani anadharauliwa. Wanapoanza kuzungumzia hofu ya kuzaa mtoto mweusi, ni Gertrude na Clare wanaosema hawawezi kurudia, na Irene anayelazimika kusema kwamba mmoja wa wanawe ni mweusi. Someni hapo, ndipo mtaona uso wake ukiungua.

Angalieni jikoni. Clare akija kumtembelea Irene asimkute, anashuka kupiga soga na kucheka na watumishi, Zulena na Sadie. Irene anaudhika mno. Clare ni binti wa mfagiaji wa jengo, mlevi aliyeuawa kwenye ugomvi wa baa, akalelewa na mashangazi wa Kizungu waliomtumikisha. Jikoni ni kwao. Irene mwenye kamati ya ustawi wa Weusi hana soga na mweusi anayemwoshea vyombo. Zulena ana ngozi nyeusi na karibu hana sauti kitabuni. Mpeni mtu mmoja kazi ya kuorodhesha kila anapotokea: anafungua mlango, analeta barua, anaandaa meza.

Na mezani: mtoto anamuuliza baba kwa nini wanaouawa na makundi ya watu ni Weusi tu. Brian anajibu kweli. Irene anakasirika kwamba mambo hayo yanasemwa mbele ya watoto. Brian alitaka kuhamia Brazil. Irene alimkatalia miaka mingi. Anakiri moyoni kwamba anachotaka kuliko kitu chochote ni usalama, na hata hana hakika kama amewahi kumpenda mtu. Hiyo ndiyo riwaya: mwenye nyumba analinda nyumba. Mume, watoto, mtumishi na heshima ya rangi, vyote ni samani zake. Msukumo wa dirishani, kama upo, umetoka huko.

Mkimaliza, bebeni Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi. Zanzibar ya mkoloni, Yasmin binti wa Kihindi aliyeozwa mzee tajiri, kisha Denge. Rangi, mali na tamaa vimo vyote, na pale anayevuka mpaka wa jamii yake anavuka mchana kweupe, kila mtu akiona. Kulinganisha huko kutawapa vikao viwili vingine bila shida.

---

Bi_Kalamu

Sijakataa tabaka, Shahada. Nimesema tu mkono uko kwenye safu ya kushoto. Samani hazimkimbilii mtu chumba kizima.

---

Kobe_wa_Vitabu

Nimecheka. Nimepata kitu cha ajabu lakini: wale wawili wanaogombana, mmoja anasema kitabu kinaisha Irene akizama gizani, mwingine anasema kinaisha mwanamume mmoja akisema ni kifo cha bahati mbaya, na kwamba wapande tena juu wakaliangalie dirisha. Kila mmoja anamwambia mwenzake hajasoma vizuri.

---

Mkutubi_wa_Zamu

Wote wamesoma vizuri. Wana matoleo tofauti. Wachapishaji, Knopf, walipotoa kitabu 1929, mwisho ulikuwa na sentensi za yule mwanamume. Chapa ya tatu ya mwaka huo huo ikaziacha, na kitabu kikaishia kwenye giza. Hakuna maandishi ya Larsen yanayotuambia ni yeye aliyeagiza au ni mchapishaji. Matoleo ya baadaye yamefuata huku au kule, mengine yanaweka sentensi hizo kwenye maelezo ya mhariri.

Tofauti siyo ndogo. Ukiishia gizani, tunabaki ndani ya Irene mpaka mwisho na hakuna aliyemshuku. Ukiishia kwa yule mwanamume, kuna mtu wa serikali aliyeamua kwamba ni ajali kabla hajamaliza kukagua, na bado anataka kurudi dirishani. Kwa hiyo kabla ya kikao cha nne kila mtu apige picha ukurasa wake wa mwisho aitume kwenye grupu. Wekeni miisho miwili kando kwa kando kwenye karatasi moja, mtoe nakala tisa.

Kutoa nakala msiogope. Maandishi ya riwaya yaliingia kwenye mali ya umma Marekani tarehe 1 Januari 2025, na Larsen alifariki 1964, hivyo kwa kanuni ya miaka 50 baada ya kifo, inayotumika Tanzania na Kenya, muda ulikwisha zamani. Kinachobaki na haki ni utangulizi na maelezo ya wahariri wa matoleo mapya, pamoja na ule wa McDowell. Hizo kurasa msizitoe fotokopi nzima nzima. Mkipakua nakala ya bure mtandaoni, kagueni kama ina sehemu tatu zenye sura nne nne kila moja, maana kuna nakala zimeunganisha sura zote mfululizo bila kutenganisha sehemu, na ratiba yote niliyowapa itawavuruga.